Kusoma hati za kale za shamba: babu alikaa wapi?

Anayetafuta mahali alipokaa babu wa babu yake hapa pwani huanza kwa kutafuta jina. Heri aanze na mipaka. Hati nyingi za kale ziliandikwa kwa Kiarabu, hazina ramani wala namba ya ploti. Shamba hutambulishwa kwa pande zake nne: kibla, suheli, matlai na magharibi, na kila upande hutajwa jirani, njia au kisima. Huku kwetu kibla ni kaskazini na suheli ni kusini. Asiyelijua hilo huligeuza shamba zima. Babu mwenyewe huenda si muuzaji wala mnunuzi, bali yumo mpakani, katika hati ya jirani.

Tarehe ni za Hijria: mwaka 1326 ni karibu wote 1908. Bei ikiwa ya reale au rupia, hati kwa kawaida haivuki mwanzo wa miaka ya 1920.

Tazama pia aina ya mkataba. Bei ya khiyari husomeka kama mauzo, kumbe ni mkopo: mwenye shamba alichukua fedha, akabaki na haki ya kulikomboa kwa muda waliopatana. Ndugu wanaweza kuteta miaka wakidhani babu aliuza. Minazi nayo yaweza kuwa ya huyu, ardhi ya yule.

Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hatimiliki kwa ukanda wa maili kumi wa Sultani wa Zanzibar. Mwenye dai alitakiwa alipeleke kwa msajili. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ya serikali. Aliyekuwa safarini au asiyepata habari hakuandikwa. Basi kukosekana daftarini si ushahidi kwamba hakuwepo.

Waliokuwa watumwa waliandikwa "khadimu wa fulani", bila jina la baba. Kuna jamaa wanaoificha karatasi kama hiyo. Ni hasara kubwa, maana jina la bwana ndilo linaloelekeza kwenye shamba alikoishi mzee wao.

Pa kuuliza ni ofisi ya ardhi Mombasa, kwa kadhi, Tume ya Wakfu, na Hifadhi ya Nyaraka za Taifa. Nenda na nakala. Asili ibaki nyumbani, na dalali asiishike hata kwa siku moja.