Ceuta: Mji wa Afrika, Bendera ya Hispania

Vijana wa kundi letu wakianza kuongelea safari, jina la Ceuta halikosi. Wanasema, "Kule unaingia Ulaya kwa miguu, hakuna kuvuka bahari." Maneno hayo ni kweli nusu. Nusu ya pili imeua watu, ndiyo maana nimeona tuisome historia ya mji huo.

Ceuta iko Afrika, kaskazini kabisa ya Moroko. Ni mji mdogo, kama kilomita za mraba 18 na nusu tu, na una watu zaidi ya 80,000. Upande mmoja ni Moroko, pande nyingine ni bahari. Lakini serikali yake ni ya Hispania, ng'ambo ya maji.

Ilikuwaje? Mwaka 1415 Wareno walikuja na meli wakauteka. Kuanzia hapo waliendelea kushuka na pwani ya Afrika: miaka ya 1480 walifika mdomo wa mto Kongo, na mwaka 1505 walishambulia Kilwa na Mombasa. Kwa hiyo sisi watu wa Kongo na watu wa pwani, habari ya Ceuta inatuhusu toka zamani.

Mwaka 1580 mfalme wa Hispania alichukua pia taji la Ureno. Wareno walipojitenga tena mwaka 1640, Ceuta ilibaki upande wa Hispania, na mwaka 1668 Ureno ikakubali. Sultani Moulay Ismail alijaribu kuurudisha. Jeshi lake liliuzingira mji kuanzia 1694, likashindwa. Moroko ilipopata uhuru mwaka 1956, Hispania haikuuachia. Mpaka leo Moroko inasema mji ni wake.

Sasa sikilizeni jambo hili. Mji una historia ndefu, ila uzio ni wa juzi tu. Hispania iliingia katika Jumuiya ya Ulaya mwaka 1986, na uzio ukajengwa miaka ya 1990, baadaye ukapandishwa kutoka mita 3 hadi 6. Hata hapo majirani wa mkoa wa Tetouan waliendelea kuingia bila viza, kufanya kazi na kubeba mizigo mgongoni, mpaka karibu na wakati wa korona. Yaani mpaka si mlima wala mto. Watu wanaufunga, watu wanaufungua.

Mei 2021 serikali hizo mbili ziligombana, walinzi wa Moroko wakalegeza, na kwa siku mbili watu kama 8,000 wakaingia, wengine wakiogelea, watoto pia wakiwemo. Wengi wao walirudishwa. Mlango ulifunguka kwa sababu wakubwa walikuwa na ugomvi wao. Wakimbizi hawakuwa sababu.

Na kabla ya hapo, tarehe 6 Februari 2014, watu walijaribu kuogelea kuzunguka uzio pale Tarajal. Askari wa Hispania walifyatua risasi za mpira na mabomu ya moshi. Watu wasiopungua 14 walikufa majini, karibu kabisa na ufukwe.

Na aliyefanikiwa kuingia? Anapelekwa kituo cha muda chenye nafasi 512, anasubiri karatasi. Ili apande meli ya kwenda Hispania yenyewe, lazima akaguliwe tena. Bahari aliyoambiwa haipo, anaikuta mbele yake.

Simwambii mtu asiondoke. Mimi pia niko hapa kwa sababu wazazi wangu waliondoka, na mtu anayekimbia risasi haulizi kilomita. Ila kijana akiambiwa kuna njia ya mkato, amuulize anayemwambia: nikishaingia, nani ananipa karatasi, na meli naipandaje? Kama hana jibu, huyo anauza uzio tu.