Kupima presha nyumbani: namba peke yake haitoshi

Kila tunapozungumzia presha kwenye kipindi cha afya, swali moja hurudi: "Nimepima nimekuta 120 kwa 80. Je, niache dawa?"

Jibu ni hapana. Namba imeshuka kwa sababu dawa inafanya kazi. Ukiiacha, presha hupanda tena, mara nyingi bila wewe kuhisi chochote. Mwisho wake unaweza kuwa kiharusi, moyo kushindwa kufanya kazi au figo kufeli.

Tatizo hili ni la wengi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionesha kuwa takriban mtu 1 kati ya 4 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini Tanzania alikuwa na presha ya juu.

Kwa nini kupima nyumbani?

Ukifika kliniki baada ya safari ndefu ya bodaboda, foleni na wasiwasi, presha inaweza kuwa juu kuliko kawaida yako. Wengine ni kinyume: kliniki iko sawa, nyumbani iko juu. Vipimo vya siku kadhaa nyumbani humwonesha mhudumu hali yako halisi.

Kliniki, presha huhesabiwa ya juu kuanzia 140 kwa 90. Nyumbani, kiwango hicho ni wastani wa 135 kwa 85.

Mashine ipi?

Chagua ya kidijiti yenye mkanda wa kufunga juu ya kiwiko. Za kifundo cha mkono hukosea kwa urahisi. Programu za simu zinazodai kupima presha kwa kidole kwenye kamera usizitegemee. Mkanda ukikubana sana au ukilegea, namba haitakuwa sahihi. Ipeleke mashine kliniki ilinganishwe na yao. Familia au kikundi cha kuweka na kukopa kinaweza kununua moja na kuitumia pamoja, mradi kila mtu awe na daftari lake.

Jinsi ya kupima

1. Nusu saa kabla, usinywe kahawa wala kinywaji cha kuongeza nguvu, usivute sigara, usifanye kazi nzito.
2. Nenda haja ndogo kwanza.
3. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, nyayo chini, usikunje miguu. Tulia dakika 5 bila kuongea.
4. Funga mkanda kwenye mkono usio na nguo. Mkono uwe juu ya meza, usawa wa moyo.
5. Pima mara 2, ukiacha dakika 1 katikati.

Fanya hivyo asubuhi kabla ya dawa, na jioni, kwa siku 7 kabla ya kwenda kliniki. Kama unafanya kazi zamu ya usiku kwenye duara au karasha, kipimo chako cha kwanza kiwe baada ya kuamka, si unapotoka kazini umechoka.

Andika zote

Andika tarehe, saa, namba ya juu, namba ya chini na mapigo ya moyo. Mfano: *Jumatatu asubuhi 148/92, 144/90; jioni 139/86, 137/85.* Usifiche namba mbaya, kwa kuwa ndizo zitakazomsaidia mhudumu kuamua kama dozi ibadilishwe. Mweleze pia kama dawa inakuvimbisha miguu, inakukohoza au ziliisha ukakaa bila. Dawa zipo za aina nyingi na anaweza kukubadilishia. Usijibadilishie mwenyewe wala usiazime za jirani.

Ukihama machimbo

Dhahabu ikionekana kwingine, wengi huondoka siku hiyohiyo, kutoka Nyarugusu kwenda Mbogwe au Kahama, na kadi ya kliniki hubaki nyuma. Piga picha kadi yako, daftari na pakiti za dawa, uzihifadhi kwenye simu. Ukifika, onesha zahanati ya karibu kabla dawa hazijaisha. Mkulima naye asisubiri palizi iishe ndipo afuate dawa.

Wakati wa kuwahi

Ukikuta 180 kwa 120 au zaidi, tulia dakika 5 kisha rudia. Ikibaki hapo, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo hata kama hujisikii vibaya. Usimeze dozi mbili.

Ikiambatana na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, mdomo kupinda, mkono au mguu kulegea, kushindwa kuongea au kutoona vizuri, nenda hospitali sasa hivi. Dalili hizo ni za hatari hata mashine ikionesha namba ndogo.

Mjamzito asisubiri 180. Akikuta 140 kwa 90, aende kliniki siku hiyohiyo. Ikiambatana na kichwa kuuma sana au kuona maluweluwe, aende hospitali mara moja, kwa kuwa inaweza kuwa dalili ya kuelekea kifafa cha mimba.

Siku ya kliniki ikifika, usiende mikono mitupu. Beba daftari, dawa zilizobaki na maswali yako.