Ardhi Iliyoachwa Mjini na Haki ya Mwenye Kuitunza

Katika kila mji mkubwa wa zama zetu kuna vipande vya ardhi ambavyo si nyumba wala si shamba, si njia wala si uwanja wa kuchezea watoto: viwanja ambavyo mwenyewe amefariki na warithi wangali wakigombania mirathi, au ambavyo tajiri amevinunua akavifunga akingoja bei ipande, au vilivyobaki baada ya nyumba kuungua na kubomolewa. Majirani hukijua kiwanja cha namna hiyo kwa dhara zake kabla ya kukijua kwa jina la mwenyewe, kwani hapo ndipo zinapotupwa taka usiku, ndipo maji ya mvua yanapotuama na kuzaa mbu, na ndipo mama anapomkataza binti yake asipite baada ya magharibi. Hoja ninayoileta katika makala haya ni kwamba dhara hizi haziondoki kwa kumtafuta mwenye hati peke yake, bali huondoka pale sheria inapokubali kuwa kuitunza ardhi ni chanzo cha haki; na kwamba haki hiyo haifai kupewa mtu mmoja mmoja ila watu wa mtaa kwa jumla, kwa kifungo cha kutouzwa kinachofanana na kile cha wakfu.

Fikra hii si ngeni kwetu. Mafakihi wa Kiislamu, ambao vitabu vyao vimedarisishwa katika misikiti ya pwani kwa karne nyingi, waliweka mlango mzima wa kuhuisha ardhi iliyokufa, na asili ya mlango huo ni Hadithi mashuhuri ya Mtume inayompa ardhi hiyo mwenye kuihuisha. Abu Hanifa alishurutisha idhini ya imamu, yaani mtawala, na mwanafunzi wake Abu Yusuf, aliyehitilafiana naye katika jambo hili, ameeleza katika Kitab al-Kharaj kuwa mwalimu wake aliweka sharti hilo ili kukata ugomvi wa watu wawili wanaotaka mahali pamoja. Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na wengi wa Waislamu wa pwani, hakuiona idhini kuwa lazima. Lakini lililo muhimu zaidi kwetu ni lile linalopokewa kutoka kwa Khalifa Umar, kwamba aliyeizungushia ardhi mpaka kisha akaiacha miaka mitatu bila ya kuiamirisha hana haki tena juu yake. Hapana shaka hukumu hii haikuwa ya maneno matupu, maana Umar huyo huyo alimwendea Bilal bin al-Harith, ambaye Mtume mwenyewe alikuwa amempa ardhi ya al-Aqiq, akamtaka abakize kadiri anayoweza kuilima na kilichozidi akirudishe kigawiwe Waislamu, na ingawa Bilal alikataa kwa hoja kwamba alipewa na Mtume, Umar alikichukua.

Yanipasa kutahadharisha hapa, kwa kuwa msomaji mwenye elimu ya fikihi atakuwa ameshaanza kunihoji moyoni. Kiwanja cha mjini chenye mwenyewe anayejulikana si ardhi iliyokufa kwa istilahi ya mafakihi, na ardhi iliyo pembezoni mwa makazi, ambayo wenyeji wanaihitaji kwa njia na malisho na kutupia majivu, waliiita harimu, wakamkataza mtu yeyote kuihuisha kwa ajili ya nafsi yake. Hata ile ardhi iliyohuishwa ikaachwa tena imewatenga wanavyuoni: Shafii aliona inabaki kuwa ya yule wa kwanza, ilhali Malik aliona kuwa ikishakufa tena yafaa mwingine aihuishe. Kwa hiyo sisemi kwamba hukumu ya jangwa la Hijazi iletwe kama ilivyo katika mtaa wa Magomeni au wa Majengo. Ninachokichukua ni hoja iliyo chini ya hukumu: kwamba umiliki usioambatana na utunzaji hudhoofika kadiri miaka inavyopita, na kwamba ardhi inayozunguka nyumba za watu ina haki ya watu hao ndani yake, hata kama jina lao halimo katika daftari lolote.

Sheria zetu za leo zinakaribia hoja hiyo kisha zinaiacha njiani. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 imeifanya ardhi yote ya Tanzania Bara kuwa ya umma, Rais akiwa mdhamini wake kwa niaba ya raia, na hati za viwanja vya mjini aghlabu humtaka aliyemilikishwa akamilishe ujenzi ndani ya miezi 36, muda ambao ni ile ile miaka mitatu ya Umar. Asipotimiza, milki yaweza kubatilishwa. Walakini kiwanja kilichobatilishwa hugawiwa mtu mwingine, naye yamkini akakiacha kama alivyokiacha wa kwanza. Na yule jirani ambaye miaka yote hiyo amekuwa akifyeka nyasi ili nyoka wasiingie uani kwake haulizwi neno. Sheria imemwona mwenye kupuuza, ikamwadhibu. Mwenye kutunza haikumwona.

Nini hutokea anapoonwa? Kwa swali hili hatuna budi kuvuka bahari, kwa sababu miji ya mashariki ya Marekani, iliyopoteza viwanda vyake na watu wake katikati ya karne ya 20, imekuwa na viwanja vilivyoachwa kwa makumi ya maelfu, na huko majaribio yamefanywa kwa kipimo. Philadelphia imewahi kuhesabiwa viwanja vya namna hiyo vipatavyo 40,000. Chama kimoja cha zamani cha wapenda bustani, Pennsylvania Horticultural Society, kilianza huko kazi iitwayo LandCare, ambayo kwa sura ni nyepesi hata mtu aweza kuidharau: taka huzolewa, ardhi husawazishwa, hupandwa majani na miti michache, kisha huzungushwa uzio wa mbao. Uzio huo ndio unaonipendeza mimi. Ni mfupi, haufiki kifuani mwa mtu mzima, ni wa nguzo na mbao za kulazwa zilizoachana, na umeachwa mwanya wa kupitia. Gari la kutupa kifusi haliwezi kuingia. Mtoto na mpira wake anaingia. Na apitaye njiani anaona kila kilichomo. Ukuta mrefu wenye vigae vya chupa juu yake, tuliouzoea kwetu, unamwambia jirani kwamba hapo hapamhusu, na nyuma yake uchafu hustirika. Uzio ule mfupi humwambia kwamba pana wenyewe, naye ni mmoja wao.

Athari yake imepimwa kwa njia ambayo wataalamu wa maradhi hupimia dawa. Viwanja 541 viligawanywa kwa kura mafungu matatu: vingine vikatengenezwa kwa ukamilifu, vingine vikazolewa taka na kufyekwa tu, na vingine vikaachwa kama vilivyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba katika mitaa ya mafukara matendo ya kupigana risasi yalipungua kwa asilimia 29 pale viwanja vilipotengenezwa, na wakazi wa karibu waliosema wanajihisi wenye huzuni nzito walipungua kwa zaidi ya asilimia 40 wakilinganishwa na wale ambao viwanja vyao havikuguswa. Hakuna polisi aliyeongezwa wala mfungwa aliyehukumiwa kwa ajili ya haya.

Ila utunzaji usio na kifungo cha sheria ni wa kuombea dua kila kukicha, na ushahidi wa hilo upo New York. Mwaka 1973 kikundi kilichojiita Green Guerillas, ambamo Liz Christy alikuwa kiongozi, kiliingia katika kiwanja kilichojaa takataka kwenye pembe ya mtaa wa Bowery na Houston, kikatoa vifusi, kikaleta udongo na kupanda mboga na maua. Mwaka uliofuata serikali ya mji ikakubali kuwakodisha mahali hapo kwa dola moja kwa mwezi. Bustani za namna hiyo zikaenea mji mzima katika viwanja vya serikali, mikononi mwa Wapuertoriko na watu weusi wa mitaa iliyoungua. Kisha bei ya ardhi ikapanda, hasa pale palipokwisha kutunzwa, na mwaka 1999 serikali ya Meya Rudolph Giuliani ikataka kuzipiga mnada bustani 114. Ziliokolewa kwa fedha: jumuiya mbili za hisani, mojawapo ikiwa imeanzishwa na mwimbaji Bette Midler, zilizinunua kwa kiasi cha dola milioni nne. Bustani ya Esperanza, ambayo haikuwemo katika ununuzi huo, ilisawazishwa kwa tingatinga mwezi wa Februari mwaka 2000. Hivyo ndivyo mwenye kuhuisha alivyopoteza ardhi kwa sababu ya uhai alioitia yeye mwenyewe, na dhuluma hii ndiyo inayonifanya nisiridhike na wale wasemao kuwa majirani wahimizwe tu kusafisha, mambo ya milki yatazungumzwa baadaye.

Boston walizungumza kwanza. Katika mtaa wa Dudley, uliopo Roxbury, kulikuwa na viwanja vitupu 1,300 mwanzoni mwa miaka ya 1980, vingi vikiwa vya nyumba zilizochomwa moto ili wenyewe wapate fidia ya bima, na makampuni ya mbali yakivifanya jaa la kumwagia mizoga na vifusi. Mwaka 1984 wakazi waliunda Dudley Street Neighborhood Initiative, na kwa kuwa mtaa ulikuwa wa watu weusi, Walatino, Wakape Verde na Wazungu, walikubaliana kila jamii ipate idadi sawa ya viti katika baraza lake, bila kujali wingi wa watu wake. Walianza na madai ya taka. Hawakuishia hapo, na mwaka 1988 wakapata jambo ambalo raia wa mtaa hawakuwahi kulipata katika nchi ile: mamlaka ya kutwaa kwa fidia viwanja vitupu vya watu binafsi ndani ya eneo walilolipanga wenyewe. Ardhi ikawekwa katika amana ya jamii, haiuzwi, anayejenga hupewa mkataba wa miaka 99, na akitaka kuuza nyumba yake huiuza kwa bei yenye mpaka, ili mnunuzi wa pili naye awe mtu wa kipato kidogo. Nyumba zaidi ya 200 zimesimama juu ya ardhi hiyo, pamoja na bustani, uwanja wa mtaa na banda la vioo la kuoteshea mboga. Mwanafunzi yeyote wa sharia atautambua mpango huu mara moja: shina limezuiwa, matunda yanaliwa. Watu wa Dudley waliufikia kwa njia yao, na sisi ambao kwetu Mji Mkongwe wa Unguja umejaa nyumba na maduka ya wakfu tunao tangu kale.

Itasemwa kwamba wakfu nao umeliwa na wasimamizi wake. Ni kweli, na haifai kulificha. Haikuwa bure serikali ya Unguja kuunda kamisheni ya kusimamia mali hizo mwanzoni mwa karne ya 20, na kamisheni ya namna hiyo ipo mpaka leo. Lakini wakfu wa kale ulimkabidhi mtu mmoja amana na watoto wake baada yake, ilhali baraza la mtaa huchaguliwa, na hesabu zake zaweza kubandikwa ukutani zikasomwa na kila mtu. Ninaloliogopa zaidi ni wapangaji kuachwa nje. Katika miji yetu wapangaji ni wengi, nao ndio wanaokaa dirisha kwa dirisha na kiwanja kilichoachwa, na baraza la wenye nyumba peke yao litageuka haraka kuwa mlango wa kugawana viwanja.

Dar es Salaam watu wameshaitangulia sheria. Pitia viwanja visivyojengwa, chini ya nyaya za umeme na kando ya mabonde, utaona matuta ya mchicha na matembele yaliyotiwa mbolea ya kuku, na mtu anayapitia asubuhi na jioni kwa ndoo za maji. Mara nyingi mwenye kiwanja anamjua mkulima huyo na amemruhusu kwa mdomo, kwa sababu shamba humlindia ardhi yake isivamiwe. Wote wawili wananufaika, na mtaa unapata mboga, ingawa ipo haja ya kupima udongo na maji, hasa karibu na mito inayopokea majitaka ya viwanda. Lakini tazama kinachopandwa. Mchicha huvunwa baada ya wiki tatu au nne. Mpapai hutauona, sembuse mwembe. Mkulima hapandi mti kwa sababu hajui kama mwakani atakuwepo, na mwenye kiwanja hamruhusu kuupanda kwa sababu katika mila ya pwani mti una mwenyewe mbali na ardhi, na aliyeupanda ana dai. Ardhi inatunzwa nusu, kwa kadiri ya wiki nne nne, na kivuli ambacho mtaa unakihitaji kuliko mboga hakipatikani kamwe.

Hapo ndipo ningetaka sheria iguse. Kiwanja kilichopita miezi 36 bila kujengwa, na ambacho watu wa mtaa wamekuwa wakikitunza kwa ushahidi wa mkutano wa mtaa, kiingie katika amana yao kwa muda unaojulikana, wakiruhusiwa waziwazi kupanda miti na kuchimba kisima. Mwenyewe akijitokeza muda huo ukiwa haujaisha, na akiwa na uwezo wa kujenga kweli, arudishiwe, ila kwanza awalipe watu wa mtaa thamani ya kila mti na kisima, kama vile anayetwaliwa shamba lake anavyolipwa minazi yake kwa hesabu. Asipojitokeza, au milki yake ikibatilishwa, kisigawiwe mtu wa mbali kabla ya mtaa kuulizwa kama unakitaka kibaki amana. Wapimaji na wathamini wanayo tayari majedwali ya kuthaminia mwembe na mnazi. Kilichobaki ni kukubaliwa kwamba mwembe uliopandwa na majirani kumi una thamani ile ile ya uliopandwa na mtu mmoja mwenye hati.