Walinzi wa Kwanza wa Mwili: Kutoka Mwiba wa Messina Hadi Ebola ya Kivu

Katikati ya Agosti 2019, habari mbili ziliwafikia watu wa Kivu karibu kwa pamoja. Ya kwanza ilikuwa njema: tarehe 12 mwezi huo ilitangazwa kwamba, katika dawa nne zilizokuwa zikijaribiwa kwa wagonjwa wa Ebola, mbili zimeonekana kuokoa maisha kuliko nyingine. Ya pili iliogopesha. Ebola ilikuwa imefika Mwenga, Kivu Kusini, na Pinga, katika eneo la Walikale, Kivu Kaskazini. Kwa wakazi wa Hombo, pale Barabara ya Taifa namba 3 itokayo Bukavu inapoingia Walikale, ugonjwa ulikuwa sasa umeonekana katika majimbo yote mawili wanayopakana nayo.

Wakati huo watu wengi walijiuliza swali moja. Mtu wa msituni anaumwa malaria tangu utoto, anapata homa, kuhara na vidonda, na mwili wake unapambana na kushinda. Mbona Ebola inamwangusha mtu mzima mwenye nguvu zake kwa siku chache tu? Jibu lilichukua zaidi ya miaka mia moja kupatikana, na sehemu yake ilipatikana kwa damu ya Wakongo.

Mwiba katika mnyama wa baharini

Mwaka 1882, mwanazoolojia Ilya Metchnikoff, mzaliwa wa Dola ya Urusi, alikuwa akiishi Messina, kisiwani Sicilia. Siku moja alibaki nyumbani peke yake na darubini yake, akichunguza viluwiluwi vya kiti cha pwani, ambao miili yao huonyesha kila kinachotembea ndani. Likamjia wazo. Alitoka bustanini, akachuma miiba kwenye mti wa waridi, akaichoma chini ya ngozi ya viluwiluwi hao. Usiku ule hakupata usingizi. Alfajiri alipoangalia, aliona seli nyingi zimeuzingira kila mwiba, zikijaribu kuumeza.

Kiumbe yule hana kingamwili, zile protini za damu zinazomnasa adui, kama zetu. Hajachanjwa, wala hajawahi kuuona mwiba. Hata hivyo mwili wake ulitambua kwamba kitu kigeni kimeingia, ukatuma seli za kukikabili. Hii ndiyo kinga ya kuzaliwa nayo. Ni tofauti na ile kinga nyingine, inayojifunza adui mmoja mmoja na kumkumbuka, ambayo huhitaji siku nyingi kujiandaa. Metchnikoff alibishana na wenzake kwa miaka mingi, na mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich, aliyetetea kingamwili za damu. Wote wawili walikuwa sahihi.

Mwaka 1957, jijini London, Alick Isaacs na Jean Lindenmann waligundua kwamba seli iliyoguswa na virusi hutoa kemikali inayozionya seli jirani zijifunge kabla hazijavamiwa. Wakaiita interferoni. Lakini fumbo kubwa lilibaki: seli inajuaje kwamba imevamiwa?

Mwaka 1989 Mmarekani Charles Janeway alipendekeza kwamba seli za kinga zina vipokezi vinavyotambua alama ambazo vijidudu wengi wanazo na mwili wa binadamu hauna. Ushahidi ulifuata. Mwaka 1996 kundi la Jules Hoffmann, huko Strasbourg, Ufaransa, lilionyesha kwamba nzi wa matunda aliyekosa kipokezi kiitwacho Toll hufa kwa kuliwa na kuvu. Miaka miwili baadaye Bruce Beutler alikuta kipokezi cha jamii hiyo kwenye panya, kinachotambua sumu ya ganda la bakteria. Mwaka 2004 watafiti wa Japani wakaeleza kingine, RIG-I, kinachokaa ndani ya seli na kuzinasa RNA za virusi, yaani maandishi yao ya urithi. Kikiigusa RNA ngeni, kinapiga mbiu: interferoni inatoka, joto linapanda, seli za kinga zinakimbilia mahali palipovamiwa. Ile homa inayotulaza ni kazi ya walinzi hawa.

Yambuku, Kikwit na mikono mitupu

Historia hiyo ya maabara inakutana na yetu mwaka 1976, Yambuku, kaskazini mwa Kongo, iliyoitwa Zaire wakati huo. Daktari kijana, Jean-Jacques Muyembe, alitumwa kuchunguza ugonjwa usiojulikana kwenye hospitali ya misheni. Alitoa damu za wagonjwa bila glavu. Alishangaa kuona kwamba pale sindano ilipotolewa, damu haikukoma kutoka, ikamchuruzika vidoleni. Alinawa kwa maji na sabuni, na akapona hatari. Watu 318 waliugua katika mlipuko ule na 280 wakafa. Kirusi kikapewa jina la mto Ebola.

Mwaka 1995 Ebola ilizuka Kikwit. Muyembe na wenzake walijaribu jambo lililozusha ubishi: waliwatia wagonjwa wanane damu ya watu waliopona. Saba wakaishi. Wataalamu walisema idadi ni ndogo, na kwamba huenda wagonjwa hao walihudumiwa vizuri kuliko waliotangulia. Hoja hizo zilikuwa na uzito, lakini Muyembe hakuliacha wazo lake.

Jinsi Ebola inavyonyamazisha mbiu

Wakati huohuo maabara zilikuwa zikitafuta kirusi hiki kinapitaje mlangoni. Mwaka 2000, jijini New York, Christopher Basler na wenzake walionyesha kwamba protini moja ya Ebola, VP35, inazuia seli isitoe interferoni. Baadaye ilifahamika namna inavyofanya kazi: VP35 huifunika RNA ya kirusi, hata RIG-I ikipita hapo haioni kitu. Mwaka 2006 ikajulikana kazi ya protini ya pili, VP24. Hata interferoni kidogo ikifaulu kutoka na kugonga seli jirani, VP24 huzuia ujumbe wake usifike kwenye kiini cha seli. Mbiu imepigwa, ila hakuna anayeisikia.

Tena Ebola huanza kwa kuwavamia walinzi wenyewe. Seli zinazomeza vijidudu, na zile zinazobeba habari za adui kuipelekea kinga inayojifunza, ndizo zinazoshambuliwa kwanza. Kwa siku kadhaa kirusi huzaliana bila upinzani wa maana. Mwili unaposhtuka, umekwisha kujaa virusi, na walinzi waliochelewa hujibu kwa fujo. Kemikali zao humwagika kupita kiasi, mishipa huvuja, na mfumo wa kugandisha damu huvurugika. Ile damu ya Yambuku isiyokoma kutoka inaelezeka hapa.

Ushahidi wa upande wa pili ulitoka Gabon. Mwaka 2000 Eric Leroy na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu 24 waliowauguza ndugu zao wenye Ebola bila wao wenyewe kuugua. Kumi na mmoja kati yao walikuwa wameambukizwa kweli. Damu zao zilionyesha kwamba walinzi wa kwanza waliamka mapema na kwa nguvu, ndani ya siku chache tangu kuambukizwa, kisha wakatulia. Siku za mwanzo ndizo zilizoamua.

Kurudisha siku zilizoibwa

Ukitazama hivyo, kila silaha iliyotumika Kivu ilikuwa njia ya kurudisha siku ambazo Ebola huziiba. Chanjo iliyoanza kutolewa Agosti 2018, na kuwafikia watu zaidi ya 300,000, huufundisha mwili kabla adui hajaja. Wengi waliochanjwa walipata homa na maumivu ya viungo kwa siku chache, wakaogopa. Ile ilikuwa dalili kwamba walinzi wameamka.

Mojawapo ya dawa mbili zilizotangazwa Agosti 2019 ni mAb114, iliyotengenezwa kutokana na kingamwili za mtu aliyepona Kikwit, damu yake ikichukuliwa miaka 11 baada ya ugonjwa. Wazo la Muyembe likawa limezaa matunda. Utafiti ule ulifanyika kwa wagonjwa 681, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Waliopewa mAb114 walikufa asilimia 35. Lakini kwa waliofika virusi vikiwa bado vichache, alikufa takribani mmoja kati ya kumi. Katika utafiti mzima, waliofika kituoni ndani ya siku moja tangu dalili kuanza walikufa asilimia 19. Waliofika baada ya siku tano, asilimia 47.

Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Watu wetu waliambiwa mara nyingi wanawe mikono na wamwahishe mgonjwa. Walistahili pia kuelezwa kwa kina sababu ya haraka hiyo, kwa sababu mtu akijua kwamba mwili wake umenyang'anywa walinzi kwa siku za mwanzo, hangoji dalili mbaya ndipo aondoke nyumbani. Na serikali ina deni lake. Katika vijiji vingi vya Walikale na Masisi mgonjwa bado anabebwa kwa kipoyi, na siku tano zinaweza kwisha njiani. Dawa iliyotoka katika damu ya Mkongo itakuwa imekamilisha kazi yake siku ambayo Mkongo wa kijiji cha mbali kabisa ataweza kuifikia siku ileile homa inapoanza.