Mfano, Kielelezo au Modeli? Historia Fupi ya Maumbo ya Molekuli

Walimu wa kemia ogania katika vyuo vikuu huwaonyesha wanafunzi wa shahada ya kwanza maumbo ya molekuli kwa kompyuta. Je, umbo lile tuliite mfano, kielelezo au modeli? Kabla ya kuamua, yafaa tutazame jinsi kitu chenyewe kilivyokua.

Mwaka 1865, mjini London, mwanakemia Mjerumani August Wilhelm Hofmann alihutubia akiwa na mipira ya mchezo wa kroketi iliyounganishwa kwa vijiti. Kaboni aliipa rangi nyeusi, hidrojeni nyeupe, oksijeni nyekundu, nitrojeni buluu, klorini kijani. Rangi hizo zingalipo katika programu za leo. Lakini methani yake ilikuwa bapa, mithili ya msalaba uliolazwa mezani. Ilionyesha idadi ya viungo tu, si umbo.

Mambo yaligeuka mwaka 1874, pale Mholanzi J. H. van 't Hoff alipodai kwamba viungo vinne vya kaboni huelekea kwenye ncha za piramidi yenye nyuso nne. Aliwapelekea wenzake maumbo madogo ya karatasi ngumu. Mwaka 1877 Hermann Kolbe alimkejeli hadharani, tena kwa maneno yasiyomstahili mwanachuoni. Mwaka 1901 aliyekejeliwa akapata Tuzo ya Nobel ya kwanza ya kemia. Kitu cha kushikwa mkononi sasa kilieleza umbo hasa, na jina la kielelezo lakifaa.

Katika miaka ya 1960, Cyrus Levinthal na wenzake huko Marekani waliizungusha molekuli katika kioo cha kompyuta. Baadaye programu zilianza pia kukokotoa nishati, zikisogeza atomi kidogo kidogo hadi nishati ipungue. Hapa ndipo penye mgogoro wetu. Vipande vya plastiki vya saikloheksani hukunjika kuwa umbo la kiti au la mashua. Kompyuta humpa mwanafunzi tofauti ya nishati baina yake. Asipotambua kwamba tarakimu hiyo imetokana na makisio ya watunga programu, ataidhania kuwa imepimwa maabara.

Kwa hiyo twapendekeza kielelezo kiwe kile kinachoshikwa au kuonekana, na modeli iwe makisio na hesabu zilizokizaa. Mfano tuuachie kazi yake ya kawaida, maana asikiaye "mfano wa molekuli" hajui kama anatajiwa methani au mpira. Wapo watakaolaumu kuwa modeli ni neno geni. Hata atomi na molekuli walikuja wageni, na wenyeji wamekwisha kuwapokea.