Kipande na Ushahidi wa Mshahara

Neno kipande, ambalo asili yake ni sehemu ya kitu tu, lilipata maana nyingine katika Kenya kwa sheria ya mwaka 1915 ya kuwaandikisha wanaume wa Kiafrika, iliyotekelezwa baada ya vita kuu. (Katika mashamba ya katani ya Tanganyika lilikuwa kadi ya kazi ya siku 30.) Karatasi hiyo ilikuwa na alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, na tarehe za kuanza na kuacha kazi, nayo ilivaliwa shingoni ndani ya kikebe. Mwenye kuivaa alikuwa mfanyakazi. Mwenye kuiandika alikuwa bwana wake, na asipotia sahihi mtu hakuweza kuondoka kihalali.

Kipande kilifutwa mwaka 1947. Sheria ya fidia kwa walioumia kazini ilitungwa katika miaka ya 1940. Fidia ilipimwa kwa mapato ya mwezi, pamoja na thamani ya chakula, kuni na makao. Basi aliyekatika mkono alidai kwa ushahidi wa daftari lililokuwa mikononi mwa mdaiwa wake. Na posho ni vigumu kuikadiria kuliko fedha. Ajabu ni kwamba serikali iliyojua kumfuata mtoro kwa karatasi haikumwekea majeruhi karatasi ya kumfaa.

Ni Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 iliyoamuru kwamba mwajiri asipoleta mahakamani mkataba au maelezo ya kazi yaliyoandikwa, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa utakuwa juu yake.