Saikolojia Tiba Uganda: Kutoka Gereza la Hoima hadi Vikundi vya Masaka

Saikolojia tiba ni taaluma ya kupima na kutibu matatizo ya nafsi na mwenendo kwa mazungumzo, vipimo na uangalizi wa karibu, nayo hutofautiana na udaktari wa magonjwa ya akili, ambao msingi wake ni utabibu na dawa. Chimbuko lake hutajwa kuwa kliniki aliyoifungua Lightner Witmer katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, mwaka 1896, kwa watoto walioshindwa masomo.

Nchini Uganda wagonjwa wa akili walianza kwa kufungiwa katika gereza la Hoima miaka ya 1920, wakahamishiwa Mulago katika muongo uliofuata, hadi Hospitali ya Butabika ilipofunguliwa mwaka 1955 pembezoni mwa Kampala. Kifungo hicho kiliacha alama, kwani hata leo katika mitaa ya jiji hilo kama Kisugu, tarafa ya Makindye, jina la Butabika hutumika kumkejeli mtu anayedhaniwa amerukwa na akili.

Wakati huohuo, mwaka 1954 na 1955, mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyesomea Toronto, alizitembelea familia 26 za vijiji vilivyo jirani na Kampala, akiangalia jinsi mtoto anavyotambaa mbali na mama yake ili kuchezea vitu, kisha akamkimbilia anapoingiwa na hofu. Uchunguzi huo, aliouchapisha mwaka 1967, ukawa nguzo mojawapo ya nadharia ya mwambatano, inayoeleza uhusiano wa upendo kati ya mtoto na mlezi, ambayo hadi sasa huongoza tiba ya watoto duniani.

Baadaye, watafiti waliofanya kazi katika wilaya za Masaka na Rakai waliwauliza kwanza wanavijiji wanavyoyaelezea majonzi yao, wakajibiwa habari za kujichukia na kujihurumia, hali zinazokaribiana na sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Kisha, mwaka 2002, wenyeji wasio wanasaikolojia walifunzwa kwa wiki mbili kuongoza vikundi vya wanawake au vya wanaume, vilivyokutana kila wiki kwa wiki 16 kuzungumzia msiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Dalili zikapungua mno kuliko katika vijiji visivyopata vikundi.

Kwa mfano huo, kazi ya mwanasaikolojia tiba haiishii katika kumhudumia mgonjwa mmoja mmoja, bali huhusisha pia kuwafunza na kuwasimamia wengine, jambo lenye uzito kwa kituo cha afya cha ngazi ya tatu kama cha Kisugu, kwa kuwa mgonjwa anaweza kusaidiwa karibu na kwake kabla hajafikishwa Butabika.